Mtu wa mlangoni: maswali yenu kuhusu wanaolinda juri

Habari zenu wasomaji wangu. Toleo lililopita nilijibu swali moja dogo tu kuhusu juri za Marekani, zile za watu 12 wanaokaa pembeni ya jaji na kuamua kama mtu ana hatia au hana, nikadhani yameisha, kumbe ndo nimefungulia maji. Meseji zimejaa mpaka simu inaganda, na karibu zote zinamuulizia mtu mmoja ambaye sikumtaja kabisa, yule anayesimama mlangoni kwenye chumba cha juri. Nimefurahi sana. Mimi kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mahakama hapahapa Dar miaka mingi, nimebeba majalada, nimeita mashahidi koridoni mpaka sauti ikakauka, na najua watu wakija kortini macho yote kwa jaji na mawakili, karani na askari wa mlangoni hakuna anayewaona. Leo tuwaangalie hao.

Shikamoo mama. Mdogo wangu yuko Houston, Marekani, kapata uraia juzijuzi na tayari kaitwa mahakamani awe mmoja wa juri. Anasema kuna mtu ana yunifomu na bastola kiunoni, wanamwita beilifu, anawafungia mlango, simu kachukua, hata wakienda kula anawafuata nyuma. Nyumbani hapa bi mkubwa analia anasema mtoto kakamatwa. Mimi ninavyojua beilifu ni dalali wa mahakama, yule anayekuja na kenta kubeba makochi ya watu. Ni huyohuyo? – Msomaji, Tabata Segerea

Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie mama atulize moyo, mtoto hajakamatwa, kapewa heshima. Na wewe hujakosea, hilo neno limebeba kazi mbili ambazo hazifanani kabisa. Kuna beilifu wa madeni, ambaye kwetu ndo dalali wa mahakama, hukumu ikishatoka na mtu hataki kulipa yeye anapewa amri akamate mali aipige mnada. Huyo wa mdogo wako ni beilifu wa juri, hana habari na makochi ya mtu. Alichokabidhiwa ni watu, watu 12 wenye masikio, na anatakiwa awafikishe mwisho wa kesi bila mtu yeyote kuwatia neno ambalo halikusemwa mbele ya jaji.

Marekani kwenye mahakama za kaunti mara nyingi anakuwa naibu sherifu, yaani askari wa kaunti, ndo maana ya yunifomu na bastola. Ukienda Uingereza kazi hiyohiyo inafanywa na mfanyakazi wa kawaida wa mahakama, kavaa joho jeusi, hana silaha yoyote. Kwa hiyo bastola ni ya usalama wa ukumbi, kazi yenyewe ni nyingine.

Ngoja nikusimulie siku yake ilivyo. Asubuhi anawahesabu, maana mmoja akikosekana kesi nzima inasimama. Alafu anawapitisha njia ambayo hawatakutana na mashahidi wala ndugu wa marehemu wala mawakili, na kama mshtakiwa yuko mahabusu kuna uangalifu wa ziada ili juri isimuone kafungwa pingu, kwa sababu ukishamuona mtu na pingu moyo unahukumu kabla masikio hayajasikia kitu. Ukumbini anakaa pembeni anawaangalia wao, haangalii shahidi, anatazama nani kasinzia, nani anaumwa, nani anapewa ishara na mtu aliyekaa kwenye mabenchi kule nyuma, akiona kitu anamwambia jaji, hamalizi mwenyewe. Mapumziko anawatoa, anawarudisha, anawahesabu tena. Mtu akitaka maji ni yeye, mtu kashikwa na tumbo ni yeye, mtu kapata msiba nyumbani ni yeye anayepeleka habari kwa jaji.

Sasa ushahidi ukiisha, juri inaenda kukaa peke yake kuamua, na hapo ndo beilifu anaapishwa, tena mbele ya watu wote. Kiapo cha Uingereza kinasema atawaweka mahali pa faragha panapofaa, hatamruhusu mtu yeyote aseme nao, na yeye mwenyewe hatasema nao chochote kuhusu kesi bila ruhusa ya mahakama, isipokuwa kuwauliza kama wamekubaliana. Kisome tena taratibu hicho kiapo mwanangu. Kuzuia wengine ni nusu tu, nusu ya pili anajizuia yeye mwenyewe, na mimi kwa uzoefu wangu wa mahakamani nakwambia hiyo nusu ya pili ndo ngumu, maana wale watu mnakaa nao siku nzima, mnazoeana, mnaulizana hali za watoto, alafu mdomo unateleza.

Wakishaingia chumbani mlango unafungwa na yeye anabaki nje. Haruhusiwi kuingia kukaa nao. Uingereza mwaka 1915 kuna kesi ilibidi irudiwe kwa sababu beilifu alikaa ndani ya chumba wakati juri inajadiliana, yaani kule kuwepo tu kulitosha kuharibu kila kitu. Wakiwa na swali, mwenyekiti wao anaandika kwenye karatasi, anagonga mlango, beilifu anapokea na kuipeleka kwa jaji, jaji anawaita mawakili wa pande zote mbili, karatasi inasomwa hadharani na jibu linatolewa hadharani. Hata wakiomba kamusi. Unaweza kuona kamusi ni kitu gani, si kitabu tu, lakini beilifu akiwapa kamusi bila jaji kujua na wao wakatafuta humo maana ya neno la kisheria, tayari wameamua kwa kitu ambacho mshtakiwa hakukisikia na wakili wake hakupata nafasi ya kukipinga. Kwa hiyo jibu lake kwa kila ombi ni moja, andikeni nitapeleka.

Na simu, simu mwache aichukue kwa amani. Uingereza sheria ya mwaka 2015 inamruhusu jaji kuamuru wajumbe wa juri wakabidhi simu na vifaa vyao, na kuna sababu, mwaka 2011 mama mmoja aliyekuwa kwenye juri kule Manchester alifungwa miezi 8 kwa sababu alichati kwenye Facebook na mtu aliyekuwa mshtakiwa kwenye kesi hiyohiyo. Mwambie mdogo wako akiambiwa toa simu atoe, na akitaka kujua kitu chochote asitafute Google, aandike karatasi.

Mama, kwanini sisi huku hatuna juri? Na hao wazee wa baraza tunaowasoma magazetini siyo juri? – Msomaji, Mbagala Rangi Tatu

Siyo juri ndugu yangu, ingawa wanafanana kwa mbali. Juri inaamua, wazee wa baraza wanashauri. Pale Mahakama Kuu kesi ya mauaji ilikuwa inasikilizwa na jaji pamoja na wazee wa baraza wasiopungua wawili, mwisho jaji anawafafanulia ushahidi na sheria, kila mmoja anatoa maoni yake kwa mdomo, lakini jaji hafungwi na maoni hayo, anaweza kuyakataa akaeleza sababu. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 kukaa nao hakukuwa lazima tena. Kenya waliwaondoa mwaka 2007, Afrika Kusini walifuta juri mwaka 1969, na Ghana juri ipo mpaka leo lakini ya watu 7. Kila nchi na njia yake.

Ila kulindwa kwa masikio ni kulekule. Mzee wa baraza anayeshauri kwa kitu alichokisikia kantini ana madhara kwa mshtakiwa, hata kama jaji ndo mwenye kalamu.

Shikamoo mama. Mimi nasoma sheria mwaka wa pili hapa Mlimani. Tulibishana bwenini, mwenzangu anasema kosa la beilifu haliwezi kufuta kesi ya mauaji kwa sababu yeye siyo jaji wala shahidi. Nani yuko sahihi? – Mwanafunzi, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu, umeuliza swali ambalo ningependa kila anayeajiriwa mahakamani aulizwe siku ya kwanza kabla hata hajapewa kitambulisho. Mwenzako hayuko sahihi. Tena hilo alilosema, kwamba beilifu siyo shahidi, ndo lenyewe lililofuta kesi.

Tafuta Parker dhidi ya Gladden, Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, mwaka 1966. Ilitoka jimbo la Oregon. Parker alishtakiwa kwa mauaji, juri ikatengwa isirudi nyumbani, kesi ikachukua siku 8 na beilifu mmoja ndo kakabidhiwa kuwachunga. Sasa siku moja wametoka kutembea kidogo, wako kando ya barabara kama watu wowote wanaonyoosha miguu, beilifu akamwambia mmoja wao, wengine wakisikia, kwamba yule mtu ni mwovu, ana hatia. Siku nyingine akamwambia mwingine kwamba kama mkikosea kumtia hatiani msijali, mahakama ya juu itarekebisha. Basi. Sentensi mbili, bila rushwa wala vitisho, maneno ya njiani tu ya mtu anayetaka kupiga soga na watu aliowazoea.

Fikiria lakini uzito wake kwa yule aliyeyasikia. Huyu si mpita njia. Huyu kaapishwa na jaji mbele yako, ana yunifomu, yuko mahakamani kila siku ya Mungu, kaona kesi nyingi kuliko wewe, na ndo anayekuletea chakula. Akisema huyu ana hatia, moyoni unasema huyu lazima anajua kitu ambacho sisi hatujaambiwa. Na ile sentensi ya pili mimi naiona mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu inamwondolea mtu mzigo. Mjumbe aliyekuwa anasita, anayejiuliza usiku kama ana uhakika, anaambiwa tulia wewe weka saini wapo wa kukusahihisha, wakati mahakama ya rufaa haiwaoni mashahidi usoni kama yeye alivyowaona. Juri ile ilijadiliana masaa 26, na mahakama ikasema masaa hayo yenyewe yanaonyesha walikuwa hawajakubaliana.

Hukumu ikafutwa. Sababu waliyotoa ndo itakayomnyamazisha mwenzako bwenini. Katiba yao inampa mshtakiwa haki ya kukutana uso kwa uso na kila anayetoa ushahidi dhidi yake. Beilifu kwa kusema vile alijigeuza shahidi, ila shahidi asiyeapa kizimbani, asiyehojiwa na wakili, ambaye mshtakiwa hata hakujua kama kasema kitu. Upande wa serikali ukajitetea kwamba wapo wajumbe wengine ambao hawakusikia chochote, na kwa sheria ya Oregon ya wakati ule kura 10 zilitosha kumtia mtu hatiani. Mahakama ikajibu kwamba mshtakiwa ana haki ya kuhukumiwa na watu 12 wasio na upendeleo, siyo 9 wala hata 10.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1965, kulikuwa na Turner dhidi ya Louisiana, na hii inaumiza kwa namna yake kwa sababu hakuna aliyethibitisha kwamba neno lolote kuhusu kesi lilisemwa. Manaibu sherifu wawili walikuwa mashahidi wakuu wa upande wa mashtaka, mtu kahukumiwa kifo kwa kiasi kikubwa kwa maneno yao, na haohao wawili ndo waliokuwa wanaichunga juri siku zote 3 za kesi. Wanawapeleka kula, wanawapeleka kulala, wanaongea nao, wanawatuma dukani wanakwenda. Asubuhi mtu kakununulia dawa ya kichwa, mchana yuko kizimbani anasema nilimsikia mshtakiwa akikiri. Utamwona muongo? Utakuwa na roho gani? Mahakama ikafuta. Kwa hiyo andika hilo pia kwenye daftari lako, anayechunga juri asiwe na upande wowote kwenye kesi, hata akiwa mtu mwaminifu kama malaika.

Na huku kwetu usidhani hayapo. Mahakama ya Rufani imewahi kubatilisha kesi za mauaji kwa sababu wazee wa baraza waliachwa wamhoji shahidi kama vile wao ni wakili wa upande mmoja, badala ya kuuliza kwa ajili ya kuelewa tu. Mtu wa pembeni akivuka mstari wake, kesi inaanguka, na ndugu wa marehemu waliosubiri miaka wanaambiwa warudi mwanzo. Nimewaona hao ndugu wakiambiwa. Mama mmoja alikaa chini palepale koridoni na kanga yake, hakulia wala hakusema kitu, alikaa tu mpaka wakaja kumwinua.

Mama naomba kuuliza, ile kesi ya O. J. Simpson, yule mchezaji maarufu wa Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, nasikia juri walifungiwa hotelini karibu mwaka. Wanaishije? Na huyo beilifu analala wapi? – Msomaji, Kinondoni Mkwajuni

Walitengwa tangu Januari 1995 mpaka Oktoba 3 hukumu ilipotoka, zaidi ya siku 260, na walipokuja kuamua wakatumia chini ya masaa manne. Maisha yao yote yalikuwa mikononi mwa manaibu sherifu. Wao wanalinda korido, wao wanakata kwenye gazeti kila habari ya kesi kabla halijaingia chumbani, wao wanasimamia simu ya nyumbani na siku za kutembelewa na familia. Hakuna kulala kote kwa pamoja, wanapokezana zamu usiku na mchana.

Sasa ukimweka mtu mwenye amri juu ya watu waliochoka, haki inaweza kuingia doa kwa njia nyingine kabisa. Kuna mjumbe aliyeondolewa akalalamika kwamba baadhi ya walinzi wanawatendea wajumbe tofauti kwa sababu ya rangi. Jaji Lance Ito akawahamisha walinzi 3, na wajumbe wengine waliowapenda walinzi wale wakakasirika, Aprili ile wakagoma mpaka jaji azungumze nao, na walipoletwa mahakamani wengi wao wakaja wamevaa nguo nyeusi. Kesi kubwa kuliko zote duniani kwa wakati ule ikasimama kwa sababu ya walinzi wa hoteli. Ndo maana nasema kuchunga juri kunataka mtu mwenye usawa hata kwenye kugawa chai, nani kapewa muda mrefu wa simu, nani kapelekwa dukani, vitu vidogo kabisa vinavyohesabiwa na watu waliofungiwa.

Alafu kuna hii ya Uingereza mwaka 1994, nikiisoma nywele zinanisimama. Mtu anaitwa Stephen Young kashtakiwa kuua mke na mume, maharusi wapya. Juri haijakubaliana, usiku umeingia, ikapelekwa kulala hoteli kule Brighton. Wajumbe wanne wakakusanyika chumbani, wakachana vipande vya karatasi vyenye herufi, wakaweka glasi katikati, wakaita mizimu. Wakamuuliza marehemu nani kakuua, glasi ikasogea kwenye herufi. Asubuhi wakarudi mahakamani na Young akatiwa hatiani. Ilipojulikana, Mahakama ya Rufaa ikafuta na kuamuru kesi irudiwe, ikarudiwa, akatiwa hatiani tena, safari hii kwa ushahidi wa watu walio hai. Cha kujifunza kwa msimamizi ni kwamba hotelini juri ilikuwa imekatazwa kujadili kesi, kila mtu chumbani kwake, kujadili ni kwenye chumba cha juri tu wote 12 wakiwa pamoja. Wanne wakikaa pembeni na kuanza kuongea kesi, hata bila glasi wala mizimu, wanane wameshaachwa nje.

Mwaka huohuo wa 1994 Uingereza ikabadilisha sheria, jaji akapata ruhusa ya kuiacha juri irudi nyumbani usiku hata baada ya kuanza kujadiliana, kwa hiyo siku hizi kufungiwa hotelini kumekuwa nadra. Na wasikwambie hoteli ni mateso, zamani ilikuwa kitu kingine. Beilifu wa enzi hizo alikuwa anaapa kuwafungia bila chakula, bila kinywaji na bila moto mpaka wakubaliane. Mwaka 1670 pale mahakama ya Old Bailey, London, juri ya Edward Bushel ilikataa kumtia hatiani William Penn aliyeshtakiwa kwa kuhubiri barabarani. Majaji wakakasirika, wakaamuru wafungiwe siku mbili usiku na mchana, hamna kula, hamna kunywa, hamna moto, hata chombo cha kujisaidia hamna. Hawakubadilika. Wakapigwa faini na kupelekwa gerezani, na ni Bushel huyo aliyepeleka shauri mbele mpaka Jaji Mkuu Vaughan akatamka kwamba juri haiwezi kuadhibiwa kwa sababu ya uamuzi wake. Huwa namuwaza sana yule aliyesimama nje ya mlango ule siku mbili, anasikia watu wanaomba maji, na funguo anazo yeye. Leo mlinzi huyohuyo ndo anayewapelekea maji. Kazi ya kufunga mlango imebaki, ila sasa mlango unawalinda waliomo ndani.

Shikamoo mama, mimi ni karani mpya kwenye mahakama moja hapa Dar. Tulikuwa na wazee wa baraza, mmoja ni mzee wa heshima sana, umri wa babu yangu. Wakati wa mapumziko akaniuliza, wewe kijana umesikia yote, unaonaje, huyu kaua au hakuua? Nilibabaika, nikacheka tu nikaondoka. Nilifanya vibaya? Na mtu mzima unamkatazaje? – Karani, Temeke

Marahaba mwanangu. Hukufanya vibaya, umeponea kwenye tundu la sindano. Ila kicheko nacho kinasomwa. Ukicheka wakati mzee anakuuliza kuhusu utetezi wa mshtakiwa, yeye anaweza kuondoka na jibu kwamba hata karani anaona ule utetezi ni uongo. Uso wako pia ni mdomo, ukiwa ukumbini shahidi akisema kitu cha ajabu usitikise kichwa, usimwangalie mwenzako.

Kuhusu umri, mzee unamkatalia kwa heshima na anaelewa, sijawahi kuona aliyekasirika. Mimi nilikuwa nasema, shikamoo babu, hilo mimi sina ruhusa ya kulisema hata kidogo, kama kuna jambo halijakaa sawa tumpelekee mheshimiwa tukikaa aulize mwenyewe. Alafu mletee maji, muulize kama anataka kutoka nje apunge upepo, muonyeshe kwamba hujamdharau. Ongea naye mvua, ongea naye foleni ya Mandela, ongea naye wajukuu. Kesi hapana.

Na nikwambie yangu, mahakama siitaji. Tulikuwa na shauri la mauaji, nikatoka mchana nikamkuta mzee wetu wa baraza chini ya mti nje, amekaa kwenye benchi na mama mmoja wa makamo, mama anamfungulia fundo la kanga anamtolea noti ya elfu tano, anamwambia babu utapandia gari. Yule mama alikuwa shangazi wa mshtakiwa. Nilimfahamu kwa sababu kila siku alikaa mstari wa mbele. Kwa kweli sikuona ubaya machoni mwake, alimuona mzee kachoka, jua kali, akamhurumia kama tulivyolelewa sote. Na mzee alipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kwa mwanaye. Nikanyamaza. Nilinyamaza siku nzima, usiku sikulala, nikijiambia ni nauli tu, nikijiambia nikisema namvunjia mzee heshima mbele ya watu na umri ule. Asubuhi nikagonga kwa jaji nikamwambia kila kitu, pamoja na kwamba nilichelewa kusema.

Jaji hakunifokea. Aliwaita mawakili wa pande zote, akamuuliza mzee hadharani kwa upole, mzee akasema ndiyo nimepokea, ni binti yangu yule kanisaidia. Akaondolewa kwenye shauri, likaendelea na waliobaki. Alipotoka alinipita mlangoni hakunisalimia, na mimi nilistahili, maana kama ningeingilia palepale chini ya mti, nikasema mama samahani huyu mzee haruhusiwi, ile elfu tano isingefika mkononi mwake na aibu ile asingeipata. Kosa lilikuwa langu kabla halijawa lake.

Kwa hiyo mwanangu unachokiona kiseme siku hiyohiyo, mwambie jaji au hakimu moja kwa moja, usimwambie wakili wa upande wowote hata kama mmezoeana, na usijaribu kupima mwenyewe kama ni kikubwa au kidogo. Kupima ni kazi ya mwenye kiti. Kabla ya kikao waonyeshe wazee mahali pao pa kukaa mapumziko, mbali na kantini ya watu wote kama jengo linaruhusu, na ndugu wa pande zote waambie mapema, bila ukali, kwamba wale wazee siyo wa kusalimiwa kwa mkono mpaka shauri liishe.

Mama mimi nauza chai na maandazi nje ya mahakama. Wazee wa baraza huwa wanakuja kunywa, na siku nyingine nawasikia wanaongea mambo ya kesi. Na mimi naruhusiwa kuwauzia? – Mama lishe, Ilala

Wauzie mdogo wangu, chai yako haina tatizo. Bei iwe ileile ya kila mtu, na mtu wa pembeni akitaka kuwalipia mkatalie, mwambie wameshalipa. Ukiwasikia wanaanza kuongea kesi mbele ya wateja wengine, waambie tu kwa upole babu hapa kuna watu, watanyamaza, alafu kamtafute karani umwambie ulichosikia. Ukifika mlangoni sema unamtafuta karani wa shauri hilo, usieleze mambo hapo koridoni.